Barasa na Kisanduku cha Maziwa

Jumatatu, 13 Aprili

Chai, barua pepe, kisha simu ya Barasa kutoka ofisi ya maziwa, Kibomet. Kompyuta ya rekodi, kile kisanduku, imegoma kuwaka tena. Taa ipo, kazi hakuna. Mara ya kwanza nililazimika kuifuta yote, rekodi za wakulima zikapotea. Nani anafaidika zikipotea? Karani anayeziandika. Karani ni Barasa, shemeji yangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi.

Jumanne, 14 Aprili

Kisanduku hakina pa kuchomeka skrini. Kinaongea kwa waya wa konsoli tu, ule wa kukiunganisha na laptopu, na Kitale nzima nimeukosa. Nimeupata Bungoma. Barasa amepiga simu mara mbili kuuliza nimefika wapi. Haraka ya nini?

Jumatano, 15 Aprili

Nimeunganisha kisanduku na laptopu. Kwanza alama za ajabu, kama kuku amekanyaga wino. Nikabadilisha kasi ya laini, maneno yakaja. Kinasema diski ilitumika mara ya mwisho alasiri ya siku ambayo kwake bado haijafika. Hakiendelei mpaka ikaguliwe. Saa yake imerudi nyuma miaka. Betri ya saa imekufa, sawa. Lakini saa hupotea kisanduku kikizimika tu, na kuna betri ya akiba, stima ikipotea hakizimi. Mtu amechomoa waya wa stima. Na alasiri huwa ni Barasa peke yake.

Nimemwambia mwenyekiti wa ushirika. Ameamua Ijumaa Barasa aache kazi, arudi kwao Myanga. Nimemnyang'anya ufunguo wa ofisi. Hakunitazama.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimekagua diski kupitia konsoli. Rekodi zote zipo, hakuna lita iliyoguswa. Nimeudhika kwamba hakuna.

Alasiri nikiwa nyumbani, ngurumo upande wa Elgon. Nikachomoa friji, televisheni, chaja, kama tulivyolelewa Kimilili. Hapo nikasimama na plagi mkononi. Mvua yetu huja alasiri.

Nikampigia Barasa, nikamuuliza kwa nini alichomoa waya.

"Si radi ilikuwa inapiga, shemeji? Kwani wewe huchomoangi?"

Nimeona aibu mpaka chakula kimenishinda.

Ijumaa, 17 Aprili

Betri mpya ya saa. Kisanduku kimewaka bila shida. Mwenyekiti amekubali Barasa abaki. Nimemrudishia ufunguo na kuomba msamaha. Amesema asante, fundi.

Alasiri ngurumo zimeanza tena. Amenipigia kuomba ruhusa ya kuchomoa waya.