Karanga za Kaya Namba 14

Kitongoji cha Mtoni,
Matombo,
Morogoro.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mpendwa kaka Ernest,

Shikamoo kaka. Shikamoo mara mbili, moja yangu na moja ya mpwa wako Juliana, ambaye hajui kama nakuandikia. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema baridi ya asubuhi inakutesa. Sijui hiyo baridi huko Mpanda mnaitoa wapi, labda unataka tu wifi yangu akukande. Yeye naye hajambo? Na watoto je? Sisi huku tu wazima. Kifua kilichonishika mwezi wa saba kimeniachia, ndizi zimezaa vizuri, na mdalasini nilioupanda mwaka ule ulipokuja kumzika mama sasa umenipita kimo.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ipo, kaka, lakini mtandao huku unashika mahali pamoja tu, pale kwenye ngazi za kanisa, na pale neno linasikiwa na watu kumi kabla halijakufikia wewe. Hili si la kusemea kwenye ngazi.

Acha nianze na sifa, maana nisipozisema nitaumwa. Kaka, ungemwona Juliana wetu! Amekuja hapa na gari la utafiti, koti jeupe, glavu mkononi, nyuma yake wasaidizi wawili wanaume wenye ndevu zao, na wote wanamsubiri yeye aseme tuanzie wapi. Ndiye yule niliyekuwa nambeba mgongoni nikichuma pilipili. Wewe ndiye mjomba, wewe ndiye uliyesaini fomu zake za kidato cha kwanza wakati baba yake anasema msichana wa nini, kwa hiyo nusu ya koti lile ni lako. Leo anasoma shahada ya pili pale chuoni Mazimbu, na mwezi wa kumi na moja anavaa joho. Mimi kitenge nimeshashona. Huku siitwi tena Mama Juliana, naitwa Mama Mtafiti. Hata katekista ananiita hivyo.

Utafiti wenyewe ni wa chakula. Kuna kitu wanakiita sumukuvu. Ni sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Sumu yenyewe huioni, na ukiipika haifi. Juliana anasema inaharibu ini polepole, na kwa watoto wadogo wanafikiri kwamba inadumaza. Ndiyo maana walitaka kupima chakula cha nyumba thelathini za kitongoji chetu, zile zenye watoto wa uji. Mimi ninaye Mosi, bintiye mwanangu Oscar, ambaye wazazi wake wako kwenye mashamba ya miwa. Nyumba yangu ikapewa jina, Kaya namba 14.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Wiki moja kabla ya kuchukua sampuli, Juliana alikuja kutuelezea. Alisimama mbele yetu akasema wazi, "Mama zangu, nataka mnachokula ninyi. Kilekile mnachompikia mtoto. Msinichagulie."

Kaka, wewe umelelewa nyumba ileile niliyolelewa mimi. Mgeni akifika mlangoni akasema usijisumbue, mimi nitakula chochote, unafanyaje? Si unamkimbiza jogoo? Ndivyo nilivyomsikia mwanangu. Nikajua ni adabu tu, msomi hawezi kusema nichagulieni. Tena nikawaza, huu ni mtihani wake. Wakikuta uchafu kwenye chungu cha mama yake mwenyewe, wenzake watamtazamaje?

Basi nikapita nyumba kwa nyumba, zote thelathini. Nikawaambia wanawake wenzangu, jamani, mtoto wetu huyu, tusimwaibishe. Wakanielewa mara moja, hakuna hata aliyeuliza. Tukakaa vibarazani tunachambua karanga punje kwa punje, kama za kupeleka harusini. Mwanvita, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, unamkumbuka mwenye meno ya mbele yaliyoachana, yeye karanga zake aliona hazifai kabisa. Alishuka hadi Morogoro mjini, akanunua kilo moja dukani kwa Dilip. Karanga nyekundu, nene, zinang'aa. Hizo ndizo zilizoandikwa kwamba zinaliwa nyumbani kwa Mwanvita. Tulicheka sana siku ile.

Unajua tunachokula, kaka. Nzuri zinakwenda sokoni. Zinazobaki, zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye rangi ya majivu, tunasaga unga wa uji. Zangu ziko kwenye debe nyuma ya mlango, na Mosi alikuwa akinywa uji wake kila asubuhi.

Majibu yalitoka mwezi uliopita. Juliana alipanda mwenyewe kuniletea habari, hakutaka kunipigia. Alinikumbatia hadi kilemba kikaanguka. Kitongoji chetu ni safi! Kati ya nyumba thelathini, hakuna hata moja iliyozidi kipimo. Kijiji kingine walichopima, huko barabarani upande wa Mikese, kimekutwa kibaya sana. Profesa wake, mama mmoja mpole mwenye miwani, anataka kujua sisi tuna siri gani. Maturubai ya kuanikia na yale mafunzo ya kukausha nafaka, yaliyokuwa yagawanywe huku na kule, yote sasa yanakwenda kule. Haki yao, nao wana watoto. Sisi ni kijiji cha mfano.

Na Alhamisi hii ni mkutano wa mrejesho, kwenye uwanja wa shule. Profesa atakuwepo, diwani atakuwepo, kamera itakuwepo. Na anayetakiwa kusimama kueleza jinsi tunavyokausha na kuhifadhi ni nani? Ni Mama Mtafiti. Mwanangu ananiambia, "Mama, sema tu kama unavyofanya siku zote," huku macho yanamng'aa kwa fahari.

Ningeweza kuvumilia, kaka. Aibu nimezoea kuifunika, mimi si mtoto. Tatizo ni jingine. Jumamosi nilikwenda kwa Esther, yule binti mwenye mapacha. Nikamkuta anachambua mahindi yenye ukungu wa kijani, yale ambayo siku zote tunawamwagia kuku. Anayatia kwenye ungo wa kusaga. Nikamwambia, we Esther, hayo si ya kuku? Akanicheka. "Mama Mtafiti nawe! Si tumepimwa? Tuko safi sisi."

Nilirudi nyumbani sijui nimepita njia gani.

Mosi kliniki wamempima uzito miezi minne mfululizo, mstari wake kwenye kadi umelala tu. Sisemi ni karanga. Juliana mwenyewe amesema huwezi kumtazama mtoto kwa macho ukajua, na yule mtoto alipata pia malaria mwezi wa nne. Lakini kila nikiinua kikombe cha uji mkono unakataa. Siku hizi nampikia ndizi. Mosi namwokoa kwa ndizi, na mapacha wa Esther je? Na wale wengine?

Nilimwendea Mwanvita nikamweleza. Akaniambia, "Mama Juliana," hakuniita Mama Mtafiti, "ukifungua huo mdomo tumeumbuka sote. Mimi nitasimamaje mbele ya diwani niseme karanga zangu zilitoka kwa Dilip? Na nani alitupitia nyumba kwa nyumba? Si wewe?"

Ni mimi.

Nikisema, miaka miwili ya Juliana inakwenda na maji. Sampuli zote thelathini ni za uongo, na mwongo ni mama yake mzazi. Joho litasubiri, pengine halitakuja. Watu watasema walipanga, mama na mtoto. Nikinyamaza, nasimama Alhamisi mbele ya kamera nawafundisha watu kitu ambacho sijawahi kukifanya, na akina Esther wataendelea kusaga ya kuku wakiamini mwanangu amewaruhusu. Jina litakalokuwa chini ya karatasi ya majibu ni la Juliana, si langu. Watoto wakija kuonekana wamedhurika, atakayeulizwa ni yeye. Nimejenga ukuta pande zote, na matofali nimefyatua mwenyewe.

Nilipokaa kuandika, nilikuwa nimekusudia kukuuliza wewe, maana kwetu neno kubwa la mtoto ni la mjomba. Kaka, niseme au ninyamaze? Nimeandika hadi hapa ndipo nikahesabu siku. Barua hii itakufikia wiki ijayo, na mkutano ni Alhamisi. Nikajicheka. Kumbe nilikuwa nakuuliza nikijua hutawahi kunijibu, nipate kusema nilikuwa nangoja neno la kaka.

Basi nimeiacha kalamu kidogo, nimeinuka, na sasa nimerudi. Mezani kuna bahasha ya kaki. Ndani nimetia karanga za kwenye lile debe nyuma ya mlango. Juu nimeandika kwa mkono wangu: "Kaya namba 14. Hizi ndizo tunazokula. Zile za kwanza nilikuchagulia, mwanangu, na wenzangu niliwaambia mimi. Za nyumba zao sikuzitaja moja moja, watazisema wenyewe wakiweza. Usipande kunitetea. Njoo na mifuko yako uanze upya."

Gari la kesho asubuhi likifika mjini linaendelea hadi Mazimbu. Bahasha itashuka Mazimbu, barua hii itakwenda Posta. Sijui Juliana atanijibu nini, wala kama atanijibu. Wewe ukimpigia, usimlaumu kwa lolote. Alisema msinichagulie, alisema kwa Kiswahili kizuri, nami nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Alhamisi nitakwenda uwanjani hata hivyo. Wakiniita, nitaeleza hilo debe. Kitenge cha joho sitakivaa siku hiyo, nimekikunja sandukuni. Kitangoja.

Nisalimie wifi, mwambie kitita cha mdalasini namtumia mavuno yakitengemaa. Wasalimie wanao wote, na mzee Emmanuel jirani yako, kama bado anakushinda bao. Oscar na mkewe wanakusalimu kutoka mashambani, na Mosi anakusalimu kwa kukaribia kuichana karatasi hii. Mungu aliyetuvusha kwenye kile kimbunga kilichoezua nyumba yetu tukiwa watoto akulinde wewe na goti lako, na amshike Juliana mkono Jumanne hii atakapofungua bahasha.

Ni mimi dada yako mdogo, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Magreth

N.B. Usije ukadhani na hizi nimezichagua. Nimechota nikiwa nimefumba macho, kaka, maana mkono wangu umeshazoea kutafuta nzuri.