Kuku wa Banda la Kulia

Jumatatu, 1 Juni 2009
Kijijini Nangwa. Vifaranga wa nyama wametimiza wiki mbili. Leo nimewagawa – thelathini banda la kushoto, thelathini la kulia. Wa kushoto wanapata unga wa Tito, bwana mifugo wetu, kwenye maji. Anasema ni bakteria waliokufa. Mwili wa kuku ukiwaona unadhani umevamiwa, unaamsha kinga, na kuku mwenye kinga anakua vizuri. Mfu anamnenepesha aliye hai! Tangu Form Four sijafurahia jambo namna hii.

Kikundi chetu cha akina mama kimenikabidhi mimi jaribio hili. Kuku wa awamu iliyopita walikufa nusu. Tukishindwa tena, akina mama wanarudi kwenye alizeti. Nitakachosema kwenye mkutano wa tarehe 27 ndicho watakachofuata. Naogopa kidogo.

Jumatatu, 15 Juni
Nimepima kwa mizani ya ndoano. Kushoto, wastani kilo moja na robo. Kulia, kilo moja tu! Nimemsimulia mama mkwe kwamba wa kulia wamebaki nyuma. Akaguna.

Ijumaa, 26 Juni
Sielewi. Wa kulia wamewafikia wenzao! Nimepima mara tatu. Mizani mbovu?

Jioni nimepata jibu. Nimemkuta mama mkwe ameinama banda la kulia na kibuyu, anawamiminia maziwa ya mgando. Siku kumi sasa! Nikamuuliza kwa adabu.

"Ndama mnyonge ndiye anayeachiwa chuchu," akasema. "Si wewe uliyesema hawa wamebaki nyuma?"

Amekulia kwenye ng'ombe, na mimi sikumweleza jaribio. Nimekasirika, halafu nikacheka. Maana mgando nao una bakteria – tena wazima! Ndio waliofanya kazi? Au ni maziwa yenyewe tu? Natamani vifaranga wengine sitini kesho asubuhi.

Vipimo vya leo sijaviandika kwenye daftari la kikundi.

Jumamosi, 27 Juni
Saa nne. Akina mama wa kikundi wamefika, wako uani. Mama mkwe kaamka mapema, kawapa mgando na wa kushoto. Anasema wasione wivu.

Niko stoo, naandika haraka. Getruda, mwenyekiti wetu, ameshachukua daftari. Namwona dirishani. Amefungua ukurasa wa tarehe 15, anawasomea. Wanapiga vigelegele. Sasa ananiita nije niwaambie kwa mdomo wangu kama unga unafaa –