Saa Mbili na Dakika Kumi

Mwandiga, 2 Mei 2015

Mdogo wangu Pastory,

Mwakeye. Huku tu wazima, isipokuwa miguu ya mama mkwe imevimba tena. Wewe na joto la Dar mnaelewanaje?

Nimeuona huo mtandao wenu mpya wa redio za ridhaa na sikuupenda. Kwenye ule wa zamani, mtu akimsikia mwenzake hewani aliandika mstari mmoja: nani kasikika, masafa gani, saa ngapi, kisha maneno yake machache. Nyinyi mmeyafuta maneno, mmebakiza visanduku vya namba. Nani aliwatuma? Redio nimejifunza kwa kufungua zilizokufa, hakuna aliyenilipia darasa, lakini najua mtu wa ziwani akisikia jambo anataka kulisema.

Shemeji yako Dismasi bado yuko Rumonge alikofuata mawese. Burundi imechafuka, barabara zimefungwa, watu wanakimbilia majini. Simu yake imezima, kabaki na kile kiredio chake cha kuongelea. Mimi milima inaniziba, simsikii. Anayemsikia ni Yassir, fundi wa injini za boti kule Kagunga. Akimsikia, hupanda mlimani kutafuta mtandao wa simu, akaandika. Kwa hiyo visanduku vyenu ndizo barua zangu za mume.

Rudisha maneno.

Dada yako,
Elida

Dar es Salaam, 4 Mei

Dada Elida,

Shikamoo. Mimi mzima, joto tumeshazoeana. Mpe mama pole ya miguu.

Dada, yale maneno yalikuwa yanaziba njia. Kila mtu anaandika lake, mashine haielewi. Sasa mashine za dunia nzima zinasoma taarifa kwa mpangilio mmoja: kituo, masafa, saa kwa tarakimu nne. Saa inaandikwa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na ukifungua wewe inageuka kuwa ya Tanzania. Tarehe inajiweka yenyewe. Hakuna pa kukosea. Utazoea tu.

Mdogo wako,
Pastory

Dar es Salaam, 9 Mei

Dada,

Shikamoo. Boti iliyotoka Rumonge juzi ilipinduka saa sita usiku, najua umeshaambiwa kuwa shemeji alikuwemo. Fungua mtandao. Shemeji kasikika alfajiri ya jana, saa kumi na moja na dakika kumi, na aliyeandika ni Yassir. Saa tano baada ya boti kupinduka! Yuko nchi kavu mahali. Mwambie mama asilie.

Mdogo wako,
Pastory

Mwandiga, 10 Mei

Mdogo wangu,

Mwakeye, mwanamume wewe. Nimeona. Mama mkwe hajui kusoma, nikamwonyesha namba kwa kidole, akapiga magoti pale pale dukani katikati ya nyaya. Watu wa msiba walishafika. Nimewarudisha makwao, wengine wamenuna maana sufuria zilikuwa jikoni.

Kesho napanda boti ya Kagunga kumfuata. Nimebeba suruali yake safi. Nilikutukana moyoni, matusi hayo nimeyafuta.

Dada yako akupendaye,
Elida

Mwandiga, 14 Mei

Pastory,

Sijui nianze na salamu gani.

Kagunga imejaa wakimbizi mpaka pa kuweka mguu hakuna. Yassir nilimkuta. Nikamuuliza, alfajiri ile Dismasi alisema yuko wapi? Akanitazama.

"Alfajiri ipi, shemeji? Mimi nilimsikia saa mbili usiku. Alisema, mwambieni Elida napanda sasa."

Asubuhi yake akaenda mlimani, akaandika 0210. Saa mbili na dakika kumi, kama tunavyozihesabu sisi. Hapakuwa na pa kuandika "usiku", wala "napanda sasa". Mashine yenu ikaweka tarehe ya asubuhi, ikaifanya 0210 kuwa saa ya dunia, ikaongeza saa tatu, ikawa 0510. Alfajiri yetu ndiyo hiyo.

Boti ilikuwa haijaondoka.

Na mimi? Watu wa huku nawajua wanavyoandika saa. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha tu, naifanya nikiwa nimeshika chuma cha kulehemu. Sikuifanya. Nilisharidhika na jibu.

Suruali nimempa mzee mmoja aliyetoka majini na shuka tu.

Mama mkwe nimemwambia. Hakulia. Kauliza tu: "Sasa siku zote hizi nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili ya nani?"

Ananitazama mimi. Mjibu wewe, na ujibu kwa maneno.

Dada yako,
Elida