Mahindi Yako Nimeyateremsha

Mama Karisa, mke wangu,

Tangu tukuzike sijakaa bure. Mahindi yako yote nimeyateremsha kutoka uchagani, kule juu ya meko, peke yangu, na sikukohoa hata kidogo.

Haya, usinikodolee macho. Ni vikapu viwili tu. Kwa cha tatu nilikohoa mpaka kofia ikaangukia mekoni, nikashuka kwa makalio kama mtoto. Dama, mke wa Karisa wetu, alinicheka hadi naye akashikwa na kikohozi. Hapo kicheko kikaniisha. Kikohozi chenyewe ni kile kile chako, kikavu, kisichotoa kitu.

Wajua huku kwetu mwanamume hapandi uchaga wa mkewe. Hula tu, haulizi chakula kilikaa wapi. Miaka yote nikidhani huko juu mna raha zenu mnatuficha. Kumbe ni giza, masizi, vumbi la mahindi na ile dawa ya unga ya fukusi, na chini moto umewashwa makusudi ili moshi upande. Ulishinda humo ukichambua, ukishuka macho mekundu nakutania, "Umemlilia nani huko?" Nawe, "Mume wangu wa kwanza."

Lakini kichwa changu hakijatulia. Daktari kule Kilifi aliniuliza wewe ulivuta sigara miaka mingapi. Nikamwambia, daktari, mvutaji ni mimi, hiyo picha ya kifua umekosea mtu. Akasema ni moshi wa jikoni na vumbi la shamba, kule kupura na kupepeta. Kaka yako asema ulirogwa, ulitupiwa kitu. Na mama yangu alizeekea katika moshi huo huo, akafa hana jino hata moja ila kifua kizima. Sasa moshi huchagua? Na mimi mwenye sigara mbona nipo? Mimi ni mtu wa darasa la nne, Mama Karisa. Nikilishika jibu hili, lile lanicheka.

Ninalolijua ni moja: Dama anakohoa. Nimemkataza kupanda. Akaniuliza, "Na fukusi wakiyamaliza, baba, watoto watakula nini?" Basi niliyoshusha tumeyatia kwenye mapipa ya vifuniko vya kubana, kama alivyosema bwana shamba. Huenda yakapona. Huenda tukala matundu.

Lala salama, mama. Nakuahidi humo hapandi mwanamke tena. Yaliyobaki nitayashusha mimi, kwa makalio ikibidi, na wanawake wa Junju hapa kwetu wacheke mpaka wachoke.

Ila kuna fadhila yangu hujailipa. Ulipokuwa bibi harusi ulivunja chungu cha mama yangu, nikasema ni mimi, akaninunia msimu mzima. Sasa nawe nisitiri. Usimwambie mama huko kwamba mwanawe amepanda uchaga. Na siku nikija huko na kofia yangu ina masizi, akiuliza, mwambie ni sigara.