Mashavu ya Chiriku

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku tunajikongoja. Mama amepona macho. Daktari alimtoa mtoto wa jicho, na sasa anaona hadi chembe ya mchanga kwenye mchele, kiasi kwamba sina raha jikoni.

Ningependa kuishia hapo, lakini sikukaa kitako kukuandikia habari za macho tu.

Siku aliyofunguliwa bandeji, tulipokuwa tunatoka, mama alisimama ghafla kwenye korido ya kliniki. Ukutani palikuwa na picha ya kuchorwa kwa rangi: mwanamke ameketi kando ya dirisha, amevaa gauni la kijani, mkono wa kulia umeufunika wa kushoto mapajani. Mama akanishika kiwiko, akasema, "Mwanangu huyu." Nilimwambia macho bado mageni, yatazoea. Akanionyesha kovu lililokata nyusi. Alikuwa Chiriku, Kaka. Alikuwa dada yetu. Kovu lile unalijua, ulikuwepo alipoanguka ngazini. Tangu aondoke, baada ya ule ugomvi wenu juu ya mchumba uliyemletea, hatukuona hata kivuli chake, nawe ukatuambia tusihangaike kumtafuta, ametusahau.

Basi tukawa watu wa korido ile. Mama aliichambua picha kila upande. Mashavu yamejaa, kwa hiyo anakula vizuri. Gauni limemkaa, kwa hiyo ana fundi wake, na mwanamke mwenye fundi wake hakosi mume wa kumpendezea. Mimi nikasema mkono umefunika pete. Mama akakataa, akasema anajizuia kucheka, kwani Chiriku akibanwa na kicheko hufinya mkono wake. Daktari alitupitia akatuambia kwa upole kwamba kwa maoni yake mchoraji alitaka kuonyesha subira tu, huenda hata hakuna mtu wa kweli. Mama akamjibu, "Subira gani, daktari? Huyu hajawahi kusubiri hata chai ipoe." Mpokezi alicheka hadi akajifuta machozi. Hata mimi nilicheka. Mama akanunua kitambaa, akaanza kumshonea gauni jingine, vipimo akivikisia pale ukutani.

Mpokezi ndiye aliyenielekeza kwa mchoraji. Nilikwenda peke yangu, mama nikamwambia naenda kazini. Ana chumba nyuma ya gereji, siku hizi anaandika mabango ya maduka. Ni mzee mpole, rangi imemkaa hadi kwenye kucha. Nilipomtajia picha aliweka brashi chini, akaniuliza mimi ni nani wake. Nilipomjibu akanivutia kiti, yeye akabaki amesimama.

Alisema wakati ule mkewe alikuwa amelazwa, naye alikuwa akichora wodini ili muda usogee. Kitanda cha pili alikuwepo Chiriku, hana wa kumtembelea, na ndiye aliyeomba achorwe. Gauni lilikuwa la mke wa mchoraji, aliazimwa. Dirisha ni la wodi. Mkono ulikuwa umefunika sindano ya dripu. Na yale mashavu hayakuwepo, Kaka. Ilikuwa mifupa mitupu. Chiriku alimwambia, "Ninenepeshe kidogo, mzee wangu. Mama akija kuniona siku moja, asishtuke."

Hakuwahi kuiona picha ikiwa imekamilika. Hakuna aliyejitokeza kumchukua, hospitali ikamzika pamoja na wengine wasio na ndugu. Wapi, mchoraji hajui. Nilikwenda hospitali kuuliza, nao hawajui.

Nilimweleza mama siku ileile, maana sikuweza kumtazama akiendelea kushona. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua lile gauni, akaanza kufumua mshono, uzi baada ya uzi, huku akilalamika kwamba taa haitoshi. Hajarudi tena kliniki. Chakula hagusi mpaka nimsimamie, na macho yale tuliyoyahangaikia anayafumba mchana kutwa.

Lakini kuna jambo sikumwambia. Mchoraji alisema Chiriku alipiga simu nyumbani kutoka wodini, kwa kumbembeleza muuguzi, akamtaka mama. Sauti ya kiume ikapokea. Akajitaja jina, akasema anaumwa sana. Sauti ikamjibu kwamba nyumba ile haina mtoto wa jina hilo, simu ikakatwa. Chiriku mwenyewe alimwambia mchoraji kwamba pengine amekosea namba.

Hakukosea. Baba alikuwa ameshafariki. Mwanamume ndani ya nyumba ile ulikuwa wewe peke yako.

Sikuulizi kwa nini. Maelezo yako, hata yakiwa mazuri kiasi gani, sina pa kuyapeleka. Mama anataka uje umsaidie kulitafuta kaburi, kwa sababu anasema watu wa ofisini wakiona mwanamume aliyepiga suti watafungua mafaili. Kila asubuhi ananiuliza kama nimeshakuandikia. Sasa nimeandika.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu wote. Mama anakusalimu sana. Anasema hapa duniani hana tegemeo tena ila wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba