Divai Ambayo Phiona Hakuionja

Kellen, uko wapi? Phiona kapigwa! Dukani kwake Remera, siku ya ufunguzi!

Si aliacha shirika la misaada auze divai asilia, ile isiyotiwa dawa wala kuchujwa? Basi kammiminia mjomba wake, mzee Habumugisha, bila kuonja kwanza. Hakuonja! Na divai yenyewe imechafuka kama maji ya mtaro.

Mzee akanguruma: "Onja wewe kwanza!"

"Mjomba, nimeokoka, sinywi."

"Kwetu mwenyeji asiyeonja ametia sumu!"

Kofi! Chupa ikapasukia ukutani. Akamkaba koo. KOO, Kellen! Tunamvuta, habanduki.

Phiona akajinasua, mdomo unavuja damu, akanyakua ile glasi ya mzee, akainywa yote. Phiona, mlokole wetu!

Mzee akaketi, akajifuta mikono.

"Haya. Sasa fungua chupa nyingine, nimiminie."