Kasiksi Ilifungwa Mkanda, Mtoto Akapakatwa

Mpendwa Tantine Fabiola,

Naomba msaada, na naomba tafadhali unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu kwanza nataka ujue kwamba mtoto ni mzima, anakula, anaruka, asubuhi hii amenimwagia uji kwenye pagne niliyojifunga na nikacheka badala ya kumgombeza, maana tangu Jumamosi iliyopita kila anachofanya Nsimire wangu nakiona ni zawadi.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, naishi Kasha na mume wangu Aloys, na hapa mtaani wananiita Maman Siège, yaani Mama Kiti, kwa sababu dada yangu aliyeko Ubelgiji alipotutumia kiti cha gari cha mtoto, mimi ndiye niliyeanza kusumbua watu parokiani kwamba watoto wetu wanapanda magari kama mizigo, wengine wamesimama katikati ya viti, wengine mbele mapajani, na tukaunda kikundi cha akina mama, tukaandika barua ya kuwaomba wabunge wa jimbo watunge sheria: mtoto mdogo asikae mbele, awe na kiti chake chenye mkanda, na yule aliyekua kidogo awekewe rehausseur, kile kiti cha kumwinua ili mkanda umpite kifuani na si shingoni. Tuna sahihi zaidi ya mia sita, na nyingi nilizitafuta kwa miguu yangu.

Sasa sikia aibu yangu. Jumamosi hiyo tulikuwa tunapeleka mahari ya shemeji yangu Guylain upande wa Panzi, na mama mkwe alishuka kutoka Kabare asubuhi na mapema na mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, aliyoikamua mwenyewe, na wewe unajua kwetu Bashi huwezi kufika kwa wakwe na mtungi uliomwagika, watasema mmekuja kuwadharau. Mama mkwe akakaa mbele kama inavyomstahili, mashangazi wawili wakabanana nyuma pamoja nami na kiti cha mtoto, kisha mama mkwe akageuka, akautazama mtungi, akakitazama kiti, akasema, "Aloys, weka kasiksi mu kile kiti, ufunge na ule mukaba. Mutoto mulete hapa, miye niko naye."

Nikasema kwa sauti ndogo, "Maman, mutoto anakaaka mu kiti yake." Akanitazama bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, akasema, "Miye nilibeba batoto munane na hakuna hata mumoja nilitupa. Weye unafikiri nitamutupa uyu?" Aloys akajifanya anapangusa kioo, mashangazi wakaanza kurekebisha vilemba vyao, na mimi, Tantine, mimi Maman Siège mwenye sahihi mia sita, nikamfungua mwanangu wa miaka miwili na nusu kwa mikono yangu nikampitisha mbele, kisha nikaufunga mtungi mkanda, na niliukaza vizuri, vile vile ninavyowafundisha wenzangu.

Kwenye mteremko wa Brasserie motard mmoja aliyebeba magodoro kwenye pikipiki akatukatia njia, Aloys akakanyaga breki, na nikaona mtoto anatoka mikononi mwa bibi yake kama sabuni yenye maji, akagonga dashibodi kwa paji la uso, kisha kimya. Sijui kile kimya kilikuwa cha muda gani. Halafu akalia, na sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile. Kasiksi haikumwagika hata tone. Hospitalini walimpima, wakampiga picha ya kichwa, daktari akasema ni nundu tu na mdomo uliochanika kidogo, na Nsimire akaomba Fanta, na hapo nikakaa chini sakafuni nikalia mbele ya watu wote kwa furaha.

Shida yangu ni hii. Aloys kwa aibu aliwaambia majirani kwamba mtoto alikuwa kwenye kiti na kiti ndicho kilichomwokoa, na habari ikaenea Kasha nzima kabla hatujapumua, na mama mkwe akarudi Kabare kesho yake bila hata kuniaga. Sasa Papa Télesphore, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, amekuja hapa anacheka mpaka gego, anataka Jumapili hii baada ya misa, mbele ya wabunge wawili waliokubali kupokea barua yetu, nisimame na mtoto nitoe ushuhuda wa kile kiti. Nikikubali, nitakuwa nadanganya watu huku nimembeba mtoto ambaye Mungu amenirudishia, na nikisema ukweli nitamwaibisha mama mkwe na mume wangu mbele ya parokia, tena wabunge watasema, kama Maman Siège mwenyewe ameshindwa, sheria ya nini? Nifanyeje? Tafadhali ficha majina.

Mama wa Kasha

*

Mama wa Kasha,

Nilipofika pale penye Fanta nilivua miwani nikafuta macho. Mungu ashukuriwe, na wewe umshukuru tena leo. Basi, tumemaliza kufurahi, sasa njoo nikugombeze.

Kiti ulikuwa nacho. Hatari uliijua, umeihubiri parokia nzima mpaka wakakupa jina. Halafu ukafunga pombe mkanda na mtoto ukampitisha mbele! Usiniambie ulilazimishwa, hakuna aliyekushika mkono. Na huyo Aloys wako, aliyekosa ulimi pale dereva alipotakiwa kusema, kisha akaupata wa kudanganyia majirani, mwambie nimesema hivi: ndani ya gari dereva ndiye mkubwa, hata kama aliyekaa pembeni ndiye aliyemzaa. Angekuwa karibu ningemvuta sikio.

Haya, nimepoa. Sikuoni mtu mbaya. Mimi mwenyewe nimekuwa mke wa mwana wa watu miaka ishirini na sita, na najua kwamba kumnyima mama mkwe mjukuu mbele ya mashangazi ni kama kumwambia humwamini. Mama huyo hakudanganya, watoto wanane aliwabeba na hakumwangusha hata mmoja. Lakini aliwabeba mgongoni, kwa miguu, katika njia za Kabare. Gari likisimama ghafla hakuna mikono inayomshika mtoto, iwe ya bibi, iwe ya mwanajeshi. Upendo hauingii hapo, ni uzito na mwendo tu.

Unauliza sheria ya nini, kama wewe umeshindwa. Mama, jibu umeliandika mwenyewe na hukuliona! Umeshindwa kwa sababu sheria haipo. Wewe mwenye kiti, mwenye elimu, mwenye sahihi mia sita, ulikosa neno la kumkatalia mama mkwe bila kumtukana. Je, yule binti aliyeolewa juzi, anayeogopa hata kukohoa mbele ya wakwe, atalitoa wapi? Siku sheria ikiwepo, atasema, "Maman, hata miye ningependa umubebe, lakini ba roulage batatusimamisha pale rond-point." Heshima itabaki mahali pake, na familia nzima itawalaani askari wa barabarani kwa pamoja, jambo ambalo mji huu haujawahi kulichoka.

Kwa hiyo Jumapili usimame, useme kweli. Wabunge hao wameshasikia habari nyingi za watu wanaofanya vizuri. Wape ya mtu aliyejua na akashindwa, hawataisahau.

Ila usianzie hapo. Leo hii panda Kabare, usingoje kesho. Nenda na mtoto, na ukifika mpe bibi yake ampakate, nyumbani hakuna breki. Kisha omba msamaha wewe kwanza, kwa sababu wewe ulijua ukanyamaza, na yeye hakujua. Ukimaliza, mwombe ruhusa ya kusimulia. Akikataa, simulia ya kwako tu, kwamba ulimfungua mtoto kwa mikono yako, na aliyempakata usimtaje. Aloys aende mwenyewe kwa Papa Télesphore akaufute uongo wake, usimsindikize. Na kuanzia sasa kiti hicho ni cha mtoto. Siku gari likikosa nafasi, kasiksi ipande teksi.

Tantine Fabiola

*

Wasomaji wangu, haya yote nilimtumia mama huyu kwa simu tangu Jumanne, nikamwambia sichapishi bila ruhusa yake. Alhamisi asubuhi alinipigia kutoka Kabare, nyuma yake nasikia kuku na mtoto anayecheka. "Chapisha, Tantine," akasema, "Maman anataka kukusalimia." Majina niliyabadilisha hata hivyo.

Mama mkwe alichukua simu. Akaniambia kwamba tangu ajali hakuthubutu hata kuuliza mtoto anaendeleaje, na aliondoka bila kuaga kwa sababu alidhani ameshahukumiwa. "Nilifikiri habatanipatia tena mutoto," alisema. Nikamwuliza kama atafika Jumapili. Akasema atafika, atakaa kiti cha mbele kanisani, na wabunge atawasemesha yeye mwenyewe.

"Mubaambie baandike iyo sheria mbio, Maman," aliniambia. "Miye najijua. Kesho nikiona uyu mutoto mu gari, nitamuomba tena."